Umepita Tom Mboya Street Mara Ngapi? Twende Kisumu Hadi Rusinga Ujue Huyu Msee Alikuwa Nani

Kama uko mtandaoni lazima umeona zile video za Los Angeles. Watu wanatembea wakiangalia chini badala ya mbele, kwa sababu pevumenti ya Hollywood Boulevard imepachikwa nyota zaidi ya 2,700, kila moja na jina la staa. Mwongozaji anatangulia, watalii wanafuata, mtu anapiga magoti apate selfi na nyota ya msanii anayemfeel. Hiyo ndiyo Hollywood Walk of Fame.

Sasa skiza hii. Nyota mbili kwenye hiyo pevumenti, ya Harry Belafonte na ya Sidney Poitier, ni za wasee waliowahi kuchangisha pesa ili vijana wa Kenya wapande ndege waende kusoma. Na aliyewaingiza kwenye hiyo mpango alikuwa kijana wa miaka 28, mtoto wa mfanyakazi wa shamba la mkonge, damu ya kisiwa cha Rusinga hapa Ziwa Victoria.

Jina lake unalitaja kila siku ukiwa Nairobi. Unaambia rafiki mkutane Tom Mboya. Unashuka mat Tom Mboya. Umeibiwa simu Tom Mboya. Lakini ukiulizwa Tom Mboya ni nani, unasema alikuwa waziri fulani kitambo, halafu unabadilisha stori.

Leo hatuendi Los Angeles. Vaa raba zako, tunaanzia Kisumu.

Kisumu: barabara si yake

Simama kwenye mnara wa saa katikati ya mji. Barabara uliyosimama ni Oginga Odinga Street, ile kubwa ya mabenki na maduka. Ukishika barabara ya kwenda Kakamega utafika ile hospitali kubwa ambayo wakaazi wa Kisumu wanaiita Russia mpaka leo. Nayo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga.

Tom yuko wapi? Yuko, lakini pembeni pembeni. Kuna mtaa wa makazi unaoitwa Tom Mboya, na kuna chuo cha wafanyakazi cha Tom Mboya Labour College. Lakini barabara kuu ya mji mkubwa wa Wajaluo ni ya Jaramogi. Ile ya Mboya iko Nairobi, na enzi za mkoloni ilikuwa inaitwa Victoria Street.

Usidhani ni bahati mbaya. Hiyo ndiyo stori yenyewe. Huyu alikuwa Mjaluo ambaye hakutaka kuwa mfalme wa Wajaluo, na alilipia hiyo msimamo pande zote mbili. Shika hapo, tutarudi.

Toka Kisumu shika gari ya kupitia Ndori hadi Luanda Kotieno. Hapo barabara inaishia majini. Unapanda feri ya kwenda Mbita, na kwa sababu safari inachukua muda, kaa upande wa upepo nikupigie stori.

Mtoto wa mkonge

Thomas Joseph Odhiambo Mboya hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge la mzungu. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa ametoka kisiwani kutafuta unga, kama vile mzazi wako labda alivyotoka ushago akaja Nairobi. Jina Odhiambo linakuambia tu kwamba alizaliwa jua likielekea kuzama.

Kwa hivyo Tom alikulia katikati ya watoto wa Wakamba na Wakikuyu. Kabla ajue siasa ni nini, alishajua kuongea na majirani kwa lugha zao. Kumbuka hiyo, ndiyo iliyomjenga.

Shule alianzia Ukambani, kwa wamisionari wa Kikatoliki. Baadaye akapelekwa St Mary's Yala, hapa Nyanza, halafu Mang'u. Alikuwa na kichwa, lakini doo ziliisha. Wadogo zake pia walihitaji kusoma na mshahara wa mzee ulikuwa ule ule. Tom akaacha ndoto ya chuo kikuu, akaenda kusomea ukaguzi wa afya kwa sababu huko mwanafunzi alikuwa anapewa posho kidogo.

Alipomaliza akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi, kazi ya kukagua maziwa, vyakula na usafi. Siku moja yuko maabara anapima maziwa, mama mzungu akaingia na sampuli yake. Akaangalia huku na kule, akauliza kama kuna mtu humu ndani. Tom amesimama hapo hapo mbele yake, na koti la kazi amevaa. Yule mama hakuwa kipofu. Kwake yeye, mwafrika hakuhesabiwa kama mtu.

Na payslip ilisema hivyo hivyo. Mzungu wa kazi ile ile alikuwa anapata mshahara mnono kuliko yeye. Wengine wangelewa waisahau. Tom alikusanya wafanyakazi wenzake wakaunda chama.

Akiwa na miaka 23, analipa dau

Angalia huo wakati. Hali ya hatari imetangazwa tangu 1952. Kenyatta na wenzake wako ndani. Vyama vya siasa vya Waafrika vimepigwa marufuku. Ukifungua mdomo vibaya unajipata kizuizini.

Tom akaona mlango mmoja haujafungwa, nao ni vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho lililokuja kujulikana kama Kenya Federation of Labour. Alikuwa na miaka 23. Wewe ukiwa 23 ulikuwa unafanya nini?

Mwezi Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Meli zimekwama, serikali imekasirika, vijana wa docks hawataki kusikia la mtu. Tom akashuka Mombasa, akaongea na wafanyakazi, akaongea na mabosi, na kesi ilipoamuliwa wafanyakazi wakapata nyongeza ya asilimia 33. Kuanzia hapo jina lake halikuhitaji kutangazwa.

Mwaka huo huo akapata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford. Aliporudi, mwaka 1957, Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa baraza la kutunga sheria. Viti vilikuwa vinane tu nchi nzima. Tom hakwenda kugombea Nyanza. Aligombea Nairobi, dhidi ya Argwings-Kodhek, wakili msomi, Mjaluo mwenzake. Akashinda. Jaramogi naye akaingia mwaka huo huo kwa tiketi ya Central Nyanza.

Ukiangalia hapo unaona njia mbili. Jaramogi alisimama na watu wa nyumbani. Tom alisimama na watu wa mtaa: wapishi, wafagizi, makarani, wabeba mizigo, wa kila kabila.

Desemba 1958, Kwame Nkrumah aliita mkutano mkubwa wa watu wa Afrika nzima jijini Accra. Patrice Lumumba alikuwepo, Frantz Fanon alikuwepo. Waliyemchagua kuwa mwenyekiti wa mkutano ni Tom Mboya, miaka 28.

Ndege ya Septemba 1959

Hapa ndipo tunarudi kwa wale mastaa wa Hollywood.

Tom alijua uhuru unakuja. Swali lilikuwa moja tu: wazungu wakiondoka, nani ataendesha ofisi, mahospitali, mashule? Kenya haikuwa na chuo kikuu chake kamili. Waingereza walikuwa wanasomesha wachache mno. Mwaka 1959 akaenda Marekani, akazunguka kama wiki tano akihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi, akiomba nafasi za masomo.

Vyuo vilikubali kutoa nafasi. Lakini nauli ya ndege kutoka Nairobi hadi New York ilikuwa pesa ambayo mkulima wa kawaida hawezi hata kuiota. Hapo Belafonte, Poitier na Jackie Robinson, yule mweusi aliyevunja ubaguzi kwenye besiboli ya Marekani, waliweka majina yao kwenye barua ya kuomba michango. Wamarekani wa kawaida wakatuma walichonacho. Na huku nyumbani wazazi waliuza ng'ombe, vijiji vikachanga, mama akatoa kuku wake wa mwisho.

Septemba 1959 ndege ikapaa na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata wanafunzi walikuwa wengi zaidi na pesa hazikutosha. Serikali ya Marekani ikavuta miguu. Tom akaenda kumwona seneta mmoja aliyekuwa anagombea urais, John F. Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kufikia 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepitia mpango huo. Mmoja wa walioenda 1960 ni msichana wa Nyeri, Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alishinda tuzo ya Nobel ya amani.

Na Barack Obama mzee je, wa Kogelo? Watu hupenda kusema alikuwa kwenye ile ndege ya kwanza. Hapana. Alienda Hawaii mwaka huo huo wa 1959 kwa njia nyingine, lakini alikuwa rafiki wa Mboya na alikuwa kwenye wimbi hilo hilo. Mwanawe umemsikia.

Machi 1960 sura ya Tom ilitokea kwenye jalada la jarida la Time. Leo ukitokea kwenye ukurasa wa blogu moja unapiga sherehe wiki nzima. Huyu alikuwa hajafikisha miaka 30.

Kura za Nairobi, vita vya nyumbani

Mwaka 1960 KANU ikaundwa, Tom akawa katibu mkuu. Uchaguzi wa 1961 ndio ulioonyesha huyu msee alikuwa wa aina gani. Aligombea Nairobi East, ambako wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu, dhidi ya Dkt. Munyua Waiyaki, Mkikuyu wa ukoo unaojulikana. Tom alipata kura zaidi ya 31,000. Waiyaki hakufikisha 3,000.

Soma hiyo tena. Halafu kumbuka jinsi sisi hupiga kura siku hizi.

Januari 1962 akamwoa Pamela Odede, binti aliyesoma Marekani, mtoto wa Walter Odede, mwanasiasa wa Nyanza aliyekaa kizuizini miaka mingi. Mwaka huo huo, akiwa waziri wa leba, akasimamia makubaliano kati ya waajiri, vyama vya wafanyakazi na serikali kuhusu jinsi ya kutatua migogoro kazini. Uhuru ulipokuja akawa waziri wa haki na katiba, halafu wa mipango ya uchumi. Ule waraka maarufu wa serikali wa mwaka 1965, Sessional Paper namba 10, ulitoka mikononi mwake.

Lakini usimfanye malaika. Alikuwa fundi wa siasa, na ufundi huo aliutumia kumwangusha mtu wa nyumbani. Jaramogi, aliyekuwa makamu wa rais, alikuwa anasema wanyonge hawajapata matunda ya uhuru. Tom alikuwa upande wa Kenyatta. Machi 1966, kwenye mkutano wa KANU huko Limuru, Tom akapanga mambo hadi cheo cha Jaramogi chamani kikakatwakatwa vipande vinane. Jaramogi akatoka, akaunda chama cha KPU, na Nyanza karibu yote ikamfuata.

Sasa umeelewa barabara za Kisumu. Watu wa ziwa walimwona Tom kama mtoto wao aliyewatumikia wengine. Na wale wakubwa wa Nairobi aliowasaidia walianza kumwogopa, kwa sababu Kenyatta alikuwa anazeeka, na kila mtu aliona nani ana kichwa cha kumrithi. Nyumbani haaminiki, ikulu haaminiki. Kilichobaki ni watu wa mtaa tu.

Pevumenti

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, saa saba hivi mchana. Tom ametoka kwenye duka la dawa la Chhani, Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Hana walinzi. Anakanyaga pevumenti tu, risasi zikamkuta. Alikuwa na miaka 38. Ingebaki wiki sita afikishe 39.

Nahashon Njenga Njoroge alikamatwa, akashtakiwa, akanyongwa Novemba mwaka huo. Inasemekana alipokamatwa aliuliza mbona hawamwendei yule mkubwa. Mkubwa gani? Mahakama haikujibu, na mpaka leo hakuna aliyejibu.

Siku ya misa ya wafu pale Holy Family, umati ulijaa hadi polisi wakarusha vitoa machozi, na gari la rais likapigwa mawe. Halafu mwili ukaanza safari ya kurudi ziwani. Nyanza ikamlilia yule mtoto iliyokuwa imemnunia. Mtu aliyekataa kuitwa kiongozi wa kabila aliuawa, na nchi ikapasuka kikabila hapo hapo juu ya jeneza lake.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 25 Oktoba 1969, Kenyatta akaja Kisumu kufungua ile hospitali ya Russia. Watu walikuwa bado na uchungu wa Tom. Kukawa na kelele, Kenyatta na Jaramogi wakajibizana hadharani, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi. Serikali ilitangaza waliokufa ni 11. Wakaazi wamesema miaka yote kwamba ni wengi zaidi. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, Jaramogi akawekwa kizuizini.

Kwa hivyo ile barabara ya Kakamega tuliyoangalia asubuhi si ya kwenda tu hospitali. Watu walikufa kando yake, na hakuna nyota zilizopachikwa hapo kwa majina yao.

Rusinga: fika mwenyewe

Feri imetia nanga Mbita. Shika boda, vuka daraja, uko Rusinga. Tom alipozikwa hakukuwa na daraja, kisiwa kilikuwa kisiwa kweli. Barabara inapita vijiji, omena zimeanikwa kwenye nyavu, watoto wanakupungia mkono.

Kaburi liko Kasawanga, kwao. Huwezi kulipita bila kulijua, kwa sababu jengo lenyewe lina umbo la risasi. Familia ilitaka usisahau alikufaje. Ndani kuna kaburi, na ukutani kuna picha: Tom na Kenyatta, Tom na wakubwa wa dunia, Tom kijana, suti imemkaa, sura ya mtu aliye na haraka. Utakuta mtu wa hapo wa kukutembeza. Ondoa kofia, msikilize, na ukiondoka acha kitu kidogo cha kutunza mahali. Hakuna foleni. Mara nyingi utakuwa peke yako na upepo wa ziwa.

Ukirudi Nairobi fanya jambo moja. Sanamu yake iko Moi Avenue, iliwekwa 2011, hatua chache kutoka pale alipoanguka, na flamingo wamemzunguka. Wengi hupita hapo wakikimbilia stage, wengine huketi chini yake wakingoja mtu aliyechelewa. Ukipita, punguza mwendo kidogo. Angalia chini. Pevumenti haina nyota wala jina, lakini sasa unajua ilibeba nini.

Na ukiulizwa Tom Mboya ni nani, usibadilishe stori.